Viti Thelathini na Kimoja

Jambo zima liligharimu riyali mia sita sitini na nane na nusu. Hapo nimeweka viti vya plastiki thelathini na kimoja, gari la kuvipandisha mlimani hadi kanisani, na ada ya kutuma pesa kutoka Doha. Nimehesabu mara mbili na mara zote mbili nimefika palepale. Nasema mapema ili mtu asidhani nalalamika. Yeyote anayejua soko la viti atakwambia kwamba nilinunua vizuri. Bei haikuwa na shida. Shida ilikuwa kile kitu nilichodhani nakinunua.

Kununua ndiyo kazi yangu. Niko katika ofisi ya kampuni ya usafi, naagiza sabuni, glavu, mifuko ya takataka na mafagio ya kila umbo. Mwuzaji akitaja bei, mimi hukohoa kidogo, na wanaonifahamu hupunguza kabla sijamaliza kukohoa. Wakenya wa Al Mansoura, mtaa wetu hapa Doha, wamenizoea. Mtu akitaka friji iliyotumika au simu ya mtumba, ananipitia tuende wote. Hawanilipi, na sijawahi kudai. Raha yangu ni kumwona mtu akitoka dukani na chenji ambayo hakuitarajia.

Chumbani tunakaa wawili. Mwenzangu ni mama wa miaka arobaini na mitatu, mwuguzi wa nyumbani. Anamtunza bibi mmoja wa Kiqatari huko Al Thumama. Dereva wa familia humchukua asubuhi na kumrudisha jioni, mikono yake ikinukia udi kwa sababu bibi hakubali kukandwa miguu na mafuta ya dukani. Mimi namwita Dada. Yeye huniita mdogo wangu, ila nikimuudhi huniita bosi.

Ijumaa tunakwenda Mesaimeer, kwenye makanisa. Unapita ukaguzi, mkoba unafunguliwa, halafu unaingia uwanja ambao kila jengo lina lugha yake na kila ukumbi una saa zake. Sisi tunapewa saa moja na nusu. Kabla yetu wapo Wafilipino, nao huacha ukumbi unanukia manukato. Baada yetu ni Wahindi wa Kerala, ambao hufika mapema na ngoma zao na kusimama mlangoni kwa adabu, adabu ile ya mtu anayekuonyesha saa bila kuinua mkono. Kwa hiyo kwetu hata Roho Mtakatifu anajua kumaliza kwa wakati.

Meza ya Bwana tunaandaa mara moja kwa mwezi. Kununua juisi ya zabibu na mkate nimepewa mimi, kwa sababu zilizo wazi. Ninahesabu watu, namimina vikombe vile vidogo, nakata mkate. Na kila mwezi kilibaki kikombe kimoja. Mwanzoni nilidhani nimekosea. Mwezi uliofuata nikahesabu watu wakiwa wamekaa na vikombe vikiwa vimejaa, na bado kikabaki. Ndipo nikaangalia sinia linavyopita. Lilifika mstari wa mwisho karibu na mlango, mikononi mwa Dada, naye akalipitisha kwa jirani kwa uangalifu wote, kama mtu anayepitisha mtoto wa wenyewe.

Nilimwuliza siku hiyohiyo tukikaanga samaki.

"Dada, mbona hushiriki?"

"Geuza huyo samaki."

"Nimegeuza. Mbona hushiriki?"

"Nimetengwa," akasema, vilevile kama angesema nimechoka.

Kwa msomaji ambaye hakukulia katika makanisa yetu ya mlimani, nieleze. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, wazee wa kanisa wanamtenga. Hafukuzwi. Anahamishiwa benchi la nyuma, lile la mbao lisilo na mgongo, na meza ya Bwana inampita. Atakaa hapo mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote na kukiri kosa lake, wazee wamwombee, arudi kundini. Wengi hukaa miezi michache, wakasimama, wakasema neno moja la haraka huku wakitazama sakafu, mambo yakaisha.

Dada alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kukiri waliitwa wawili, yeye na kijana mwenyewe. Kijana akasimama, akasema, "Nimekosa, naomba msamaha," akarudi kuimba besi kwenye kwaya. Ilimchukua muda wa kumeza mate. Zamu ya Dada ilipofika, alikuwa amempakata mtoto wa wiki sita.

"Nilisimama vizuri tu," aliniambia, akiondoa samaki kwenye mafuta. "Maneno nilikuwa nimeyakariri. Halafu mtoto akafumbua macho akanitazama. Nikaona nikisema hili ni kosa, atanisikia."

"Wiki sita, Dada. Angesikia nini?"

"Wewe hujazaa."

Akakaa chini bila kusema kitu. Amekaa benchi la nyuma miaka ishirini na minne, pamoja na hii ya Doha, ambako hakuna anayemjua na hakuna benchi. Alijitafutia mwenyewe, karibu na mlango, akidai anakimbia baridi ya kiyoyozi.

Huenda ningeliacha hapo. Kila mtu hapa mjini ana kitu alichokuja nacho kwenye sanduku na hajakifungua. Lakini mwezi wa tisa mtoto yule, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, alipiga simu kusema anaolewa Desemba. Nilianza kumtania Dada kwa kumwita Mama Harusi, naye akaanza kucheka peke yake akipiga pasi. Wiki moja baadaye binti akapiga tena. Safari hii Dada aliongea akiwa ameelekea ukutani.

Ni desturi ya kanisa lao kwamba maharusi wakishafungishwa ndoa hawashuki mara moja. Wanakula meza ya Bwana palepale mbele, na wazazi wa pande zote mbili wakiwa kando yao. Mzee wa kanisa alikuwa amemwambia binti kwa upole kwamba mama yake atakaribishwa kukaa, kula pilau na kupigwa picha. Mezani atasimama shangazi badala yake.

"Shangazi mwenyewe ni yupi?" nikauliza.

"Dada ya yule mwimbaji besi."

Hapo nikakohoa.

Nilichukua namba ya mzee wa kanisa kwa binti, bila Dada kujua, na nikampigia nikiwa kazini, saa ya chakula cha mchana, nimekaa kati ya madumu ya dawa ya kusafishia vioo.

"Bwana asifiwe, Mzee."

"Amina. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha kuwa ni ndugu katika Kristo niliye Qatar. Neno Qatar nalijua uzito wake. Ukilitamka kwenye simu, huko upande wa pili mtu anakaa vizuri.

"Sasa binti yangu, kanuni ni kanuni," akasema nilipomweleza. "Mimi sina neno naye. Mama yule ni mtu mzuri. Lakini hakusimama."

"Yuko mbali, Mzee. Asimame kwa video?"

"Video inakatika. Akiri nusu, mtandao upotee, tutasema amekiri nini?"

Nikamkubalia hapo, alikuwa na hoja. Nikamwuliza wale wanaorudi kundini huwa wanakuja na nini.

"Hawadaiwi kitu," akasema haraka. "Ila wengine huja na shukrani."

"Shukrani ya namna gani?"

"Moyo wa mtu ndio unaosema. Sasa hivi kwa mfano kanisa lina upungufu wa viti. Hata hiyo harusi tutakodi."

"Viti vingapi, Mzee?"

"Hata mia si haba."

Tangu hapo nilikuwa kwenye kazi ninayoijua. Nikacheka kidogo, nikamwuliza kama ni kanisa au uwanja wa mpira. Akashuka sabini. Nikamwambia mama mwenyewe anakanda miguu ya bibi mzee ili apate riziki, si mmiliki wa kisima cha mafuta. Akashuka hamsini. Nikasema sawa, lakini kile cha kusimama na kukiri tukiondoe. Nilisikia kuku upande wake.

"Bila kusimama?"

"Anarudi tu. Anatangazwa amerudi, basi."

"Viti hamsini bila kusimama."

"Thelathini bila kusimama, na ninalipa gari."

"Thelathini," akasema mzee, na nadhani naye aliona aibu kidogo, kwa sababu aliaga bila hata sala.

Mimi sikuona aibu yoyote. Nilirudi kwenye meza yangu nikila sambusa kwa furaha. Kwa dakika kumi nilikuwa nimemwondoa mtu kwenye benchi alilokalia miaka ishirini na minne, kwa punguzo la asilimia sabini. Jioni nikamtumia binamu yangu pesa, aende duka la jumla achague viti vyenye mikono, si vile vinavyopinda mtu mnene akikaa.

Niliyemwambia wa kwanza ni Pasta. Pasta wetu ni mwuguzi wa wodi ya dharura, mchungaji wa Ijumaa tu, mtu mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi. Ijumaa hiyo baada ya ibada tulikuwa tunaosha vikombe, yeye anasuuza, mimi nahesabu. Nikamsimulia mapatano yangu na mzee, na sikuacha hata hatua moja ya kushuka kwa bei.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Thelathini," akasema. "Hiyo namba ilitoka kwako au kwake?"

"Kwangu. Kwa nini?"

Aliendelea kusuuza. Nikafikiria thelathini, nikafikiria vipande vya fedha vya yule aliyemuuza Bwana.

"Nitaongeza kimoja," nikasema.

"Ongeza, sista. Watu watakaa." Akaweka kikombe kwenye taulo. "Lakini niambie, umenunua nini?"

"Viti."

"Hivyo ni vya mzee. Wewe umenunua nini?"

Nikasema nimemnunulia Dada nafasi yake mezani. Niliposikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwangu haikunipendeza, lakini ilikuwa imeshatoka.

"Na mwenye meza umempigia simu?" akauliza.

Nikamwambia Pasta asinichezee maneno, yeye anajua mambo ya nyumbani yanavyokwenda. Akasema anajua sana, mama yake mzazi alikaa benchi hilo mwaka mzima kwa ajili ya mimba yake yeye, kwa hiyo alianza kuhudhuria ibada nyuma kabla hajazaliwa. Halafu akaniuliza kama najua wanachofanya mtu akiletwa kwao moyo umesimama.

"Mnambonyeza kifua."

"Tunambonyeza. Kwa nguvu, mpaka jasho linaingia machoni. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja, hajatokea mgonjwa aliyeniuliza ni pesa ngapi nikiwa juu yake. Hajatokea hata aliyenisaidia. Yeye hayupo. Akiamka ana maumivu ya mbavu na hajui kwa nini."

"Anashukuru?"

"Wengine. Wengine wanauliza viatu vyao viko wapi." Akacheka. "Wokovu ndio huo, sista. Umefanyiwa wakati huna la kuchangia. Kutubu ni kule kufumbua macho na kuona mikono ya nani iko kifuani kwako. Hakujawahi kuwa malipo."

"Na wazee wa kanisa?"

"Hao ni ndugu wa mgonjwa, wako nje ya wodi wanabishana nani aingie kwanza. Wanampenda pia, usidhani. Wamesahau tu kwamba si wao waliombonyeza."

Nikamweleza kinachonisumbua, na nitakiandika hapa kwa sababu ndicho kilichonisumbua tangu shule ya Jumapili. Mimi kitu cha bure sikiamini. Sokoni, kitu cha bure ni nyanya za jana. Mwuzaji akisema chukua tu, geuza uangalie chini, utakuta pameoza. Kila nilipoambiwa neema ni bure, moyoni nilikuwa nageuza niangalie chini.

Pasta akafunga bomba la maji.

"Nani kakwambia ni bure? Imelipiwa. Kitu cha bure na kitu kilicholipiwa ni vitu viwili, na wewe ndiye ungepaswa kutufundisha."

"Kililipiwa bei gani?"

"Yote."

"Hakupunguziwa?"

Nilikuwa natania. Yeye hakuwa anatania.

"Aliomba," akasema. "Usiku ule bustanini, kabla ya msalaba. Aliomba kama inawezekana kikombe kimwepuke. Akaomba tena. Akaomba mara ya tatu. Hakupunguziwa."

Nina miaka thelathini na minne, nimesikia habari za bustani ile kila Pasaka, na sikuwahi kuisikia kama mtu wa soko. Kuna mtu alisimama mbele ya bei, akajaribu mara tatu, bei ikakaa palepale, naye hakuondoka. Mimi nikikataliwa mara ya pili huwa natoka dukani nikitarajia kuitwa. Nikaanza kuhesabu vikombe upya, nikakosea.

Wahindi walikuwa mlangoni na ngoma zao. Tukabeba mabeseni tukatoka.

Dada nilimwambia jioni ile, maana viti vilikuwa vimeshapakiwa na habari za mlimani hutembea kwa kasi kuliko gari. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Nilimweleza kwa kifupi, nikitanguliza habari njema, kwamba hatasimama na hatakiri. Alikunja shuka mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo mwanangu ni viti thelathini."

"Na kimoja," nikasema, na Mungu anisamehe, ilikuwa ni mazoea tu ya kusahihisha hesabu.

"Na kimoja." Akaweka shuka chini. "Bosi, unadhani nilishindwa kupata viti? Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa hii mikono. Ningetaka kulipa ningelipa zamani. Nilikaa nyuma kwa sababu kila njia ya kwenda mbele ilikuwa inaniambia mtoto yule ana bei. Kwanza bei ilikuwa neno moja. Nikakataa. Sasa wewe umekwenda ukaipandisha."

Nilidhani nimeishusha. Sikusema hivyo, nashukuru.

Wiki kadhaa tuliongea mambo ya chumba tu. Maziwa yameisha. Maji ya moto yamerudi. Aliniwekea chakula kama kawaida, na hilo ndilo lililoniuma, kwa maana mtu akikununia na sufuria lake akalinunisha pia, unajua mmelingana. Yeye alininunia na bado akanibakizia minofu. Nilikula kila siku chakula ambacho sikustahili, nikiwa nimekaa mita mbili kutoka kwa mpishi, na hakukuwa na mtu wa kujadiliana naye.

Ijumaa ya meza ilipofika alikaa palepale karibu na mlango. Nikaenda kukaa kando yake. Hakunisogezea kiti, hakunihamisha pia. Kwa kawaida sinia hupitishwa na vijana wa kiume. Siku hiyo Pasta alilichukua mwenyewe mstari wa mwisho. Alipofika kwa Dada, Dada akanyoosha mikono kulipokea alipitishe. Pasta hakuliachia.

"Pasta, mimi nimetengwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Na nani?"

"Na kanisa."

"Meza hii ni ya kanisa?"

Watu wa mbele walikuwa wameshamaliza, wanaimba pambio taratibu. Dada aliangalia vile vikombe kwa muda. Mlango ulifunguka kidogo, kichwa cha Mhindi mmoja kikachungulia, kikaona, kikarudi nje chenyewe.

"Si ya kanisa," akasema.

"Haya."

"Nitatakiwa kusema nini?"

"Hakuna. Ukipenda utasema amina."

"Na mtoto wangu?"

Hilo Pasta hakulitarajia, nilimwona. Alichuchumaa, lile umbo lake refu lote, sinia likiwa kwenye goti, mpaka macho yao yakawa sawa.

"Dada, mtoto ni zawadi uliyopewa. Kama kulikuwa na kosa, lilibebwa na mwingine siku nyingi kabla hujazaliwa. Usimbebeshe mtoto, na usijibebeshe. Hapa hakuna anayekuuliza."

Alichukua mkate. Halafu akachukua kikombe, akakiinua usawa wa macho kukiangalia dhidi ya taa, kama anavyoangalia dawa za bibi kabla hajamnywesha. Akanywa. Mkate wenyewe ulikuwa wa juzi, nilikuwa nimeupata kwa nusu bei, na alitafuna polepole sana, nami kando yake nikisikia kila tafuno na kutamani ningenunua mpya. Hakulia. Alinishika tu kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka pambio likaisha. Mkono wangu ulinukia udi siku nzima.

Njiani kurudi aliniita mdogo wangu.

Desemba akaenda nyumbani. Alinisimulia baadaye kwa simu, kelele za watu wanaosafisha masufuria zikiwa nyuma yake. Viti vilikuwepo, vimepangwa mbele, vyeupe, wageni wa heshima wamevikalia. Yeye aliingia akaenda moja kwa moja benchi la nyuma, akakaa na wenzake wa zamani. Wakati wa meza ulipofika, mzee wa kanisa akasimama kutangaza kwamba mama wa bibi harusi amerudi kundini kwa shukrani ya viti thelathini na kimoja. Kabla hajamaliza, Dada alikuwa ameshainuka.

"Nikamwambia, Mzee, viti ni vya kukalia, asante. Mimi nilishakula meza hii Doha, na sikuulizwa viti."

"Ukasema hivyo mbele ya watu?"

"Nilisema kwa heshima."

"Naye?"

"Alikaa. Mdogo wangu, nilitembea kutoka kule nyuma mpaka mbele. Ni mbali. Hujui ni mbali namna gani. Mwanangu alikuwa amegeuka ananitazama, macho yaleyale."

Walikula pamoja. Hakuna aliyemzuia, hata shangazi alisogea. Dada amesharudi Doha, bibi yake alikuwa amegoma kukandwa na mtu mwingine, na Ijumaa hukaa mstari wa tatu. Kiyoyozi kinampiga vizuri tu na hajawahi kukitaja.

Ningependa kuishia hapo. Lakini wiki iliyopita simu yangu ilipokea ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua. Ni mama mmoja wa benchi la nyuma, kule mlimani. Wako wanne waliobaki. Wamesikia tangazo la mzee, na wamesikia pia maneno ya Dada, lakini tangazo ndilo lililokuwa na namba, na namba ndiyo iliyokaa kichwani. Anaomba nimsaidie kama nilivyomsaidia mwenzao. Anauliza wanne wakienda pamoja watapata bei ya jumla?

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu sauti ya pili ilifuata. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, alitengwa kwa kuolewa mke wa pili, na mume alishakufa. Anaongea polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. Anataka kula meza ya Bwana kabla hajaondoka duniani. Hana mtu Qatar, anasema. Ana kuku watatu, na siku ya soko ni Jumanne.

Nilimpelekea Pasta simu asikilize. Alisikiliza mara mbili, jambo ambalo kwa kawaida nafanya mimi. Akanirudishia.

"Umjibu wewe, sista. Bei uliiweka wewe."

Dada naye nimemwuliza. Yeye amemwombea bibi yule kila jioni, lakini anasema maneno yake yalishasemwa mbele ya kanisa na hayakusikika, kwa sababu viti vyangu vilikuwa vinaonekana na neema haionekani.

Nimeandika jibu na kufuta. Nikisema ni bure, atauliza mbona kwa mwenzake ilikuwa thelathini na kimoja. Nikisema imeshalipiwa, atadhani nimelipa mimi, na atanishukuru mimi hadi kaburini. Nikimpigia mzee wa kanisa tena, najijua, tutaanzia viti hamsini. Pasta wa kumpelekea sinia mpaka kwenye goti lake yuko huku, na yeye yuko kule.

Leo ni Jumamosi. Wewe unayesoma, hasa kama uliwahi kukalia benchi lile ukainuka, au kama ni mzee wa kanisa na una kanuni mkononi, naomba unishauri. Nimwambie nini bibi yule, kwa maneno machache ambayo pumzi yake itayafikia mwisho, ili Jumanne asiwapeleke kuku sokoni?